Kifua kikuu na damu ya ukoo: maswali tunayoulizwa Kigoma

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu huku Kigoma. Wagonjwa wengi, hata kabla ya kuuliza kama watapona, huniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, hiki kitu kipo kwenye damu yetu?" Wanauliza wa Ujiji, wanauliza wa Mwandiga, wanauliza wavuvi waliotoka kambi za dagaa na mabinti wanaotaka kuolewa. Nimeyaandika maswali jinsi yanavyokuja. Nimeyapa namba, ili jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa nikuelekeze huko.

## Kurithi au kuambukizwa?

1. Kifua kikuu ni ugonjwa wa kurithi?

Hapana. Kinasababishwa na bakteria, na bakteria huyo husafiri hewani pale mtu mwenye TB ya mapafu anapokohoa, kupiga chafya, kuongea au kuimba. Mtoto hazaliwi na TB kwa kuwa baba yake aliwahi kuugua. Ipo hali adimu ambapo mama mjamzito mwenye TB isiyotibiwa humwambukiza mtoto akiwa tumboni au wakati wa kujifungua, lakini hata hapo kilichopita ni mdudu.

Nisingependa mtu awacheke wazee wanaosema ni ugonjwa wa ukoo. Hadi tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alipotangaza Berlin kwamba amempata mdudu mwenyewe, madaktari wengi wa Ulaya kaskazini waliamini hivyohivyo. Waliona nyumba zilezile zikizika kila baada ya miaka michache. Macho yao yaliona kweli, sababu ndiyo waliyoikosea. Na kuna kipande cha imani hiyo ambacho sayansi imekirudia: urithi una mchango katika nani ataugua *baada ya* kuambukizwa. Majibu mengi hapa chini yanahusu kipande hicho.

2. Basi mbona kwetu alianza babu, akafuata baba, sasa mimi?

Kwa sababu wanaoshiriki damu mara nyingi hushiriki pia chumba. Babu anakohoa miezi mitano, nyumba nzima inasema ni kikohozi cha uzee, na wajukuu wanalala naye kwa sababu ndiye mwenye hadithi. Dirisha ni dogo, na usiku linazibwa kwa hofu ya mbu na wezi. Kambini nako, wavuvi wa dagaa wakishinda usiku ziwani hulala mchana wakiwa wamebanana ndani ya kibanda kimoja cha turubai.

Ukitaka kuona nguvu ya hewa ya nyumba, mwangalie mke. Mke hana damu ya mumewe. Ametoka ukoo mwingine, pengine Kasulu au Kibondo, na bado tunamkuta ameambukizwa. Ingekuwa ni damu peke yake, wakwe na mabinti wa kazi wangesalimika. Hawasalimiki.

Pia mdudu ana subira. Uliyeambukizwa ukiwa darasa la pili unaweza kuugua ukiwa na watoto wako mwenyewe, na kwa mtazamaji ikaonekana kama urithi ulioruka kizazi.

3. Tulilala kumi chumba kimoja na mgonjwa. Kwa nini niliugua mimi peke yangu?

Swali hili ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za vinasaba. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa mdudu wa TB, lakini kati ya walioambukizwa ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua katika maisha yao yote, na wengi wao huugua ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Waliobaki mdudu wao amefungiwa ndani ya mwili, hawakohoi na hawaambukizi mtu.

Kinachoamua nani awe kwenye hao wachache ni mchanganyiko: umri, kiasi cha hewa chafu ulichovuta, VVU, kisukari, lishe duni, sigara, pombe kupita kiasi, vumbi la mawe kwa wachimbaji wa madini, na ndiyo, vinasaba ulivyopewa na wazazi. VVU vina uzito kuliko karibu vyote hivyo. Nikilinganisha, mtu anayeishi na VVU bila dawa ana hatari kubwa mno kuliko yeyote mwenye "damu mbaya" ya kawaida.

## Kinga ya mwili inavyofanya kazi

4. Kinasaba ni nini, na kinaingiaje kwenye habari za kifua?

Kinasaba, wengine husema jeni, ni maelekezo yaliyomo ndani ya kila seli yanayoueleza mwili namna ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Tunavyo kama 20,000, na karibu kila kimoja tunacho nakala mbili: moja ya mama, moja ya baba. Maelekezo hayo hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu, ndiyo maana sura zetu si moja. Kinga zetu nazo si moja.

Mdudu wa TB akifika mapafuni humezwa na seli walinzi ziitwazo makrofaji. Tatizo ni kwamba anajua kuishi ndani ya mlinzi aliyemmeza. Kwa hiyo mlinzi hulazimika kuita wenzake, kama sungusungu wanavyopigiana filimbi mwizi akiingia kijijini. Filimbi ya kwanza ni kemikali iitwayo intaleukini 12. Pamoja na filimbi, makrofaji huinua juu kipande cha mdudu, kikiwa kimewekwa kwenye protini za kundi la HLA, ili seli T, kundi jingine la seli za kinga, zimtambue mwizi ni yupi. Seli T zikimtambua hujibu kwa kemikali nyingine, intaferoni gama, inayompa mlinzi nguvu ya kumuua au kumfungia mdudu aliyemo ndani yake.

Kila hatua ina vinasaba vyake: filimbi, sikio la kuisikia, kiganja cha kuinulia kipande, jibu la seli T. Tofauti ndogo mahali popote kwenye mnyororo huo inaweza kuongeza au kupunguza hatari.

5. Wanasayansi walijuaje kwamba urithi unachangia, kama hewa ya nyumba nayo inachangia?

Ilibidi watafute mahali ambapo damu na hewa vimetengana.

Tukio la kwanza ni la kusikitisha. Mwaka 1930 huko Lübeck, Ujerumani, chanjo waliyopewa watoto wachanga zaidi ya 250 ilikuwa imechanganyika kwa makosa na wadudu hai wa TB halisi. Watoto zaidi ya 70 walikufa. Lakini wengi wao, ingawa walimezeshwa mdudu mkali, waliishi. Kiasi alichopewa kila mtoto kilitofautiana, hilo lazima lisemwe, lakini hata hivyo ilionekana wazi kwamba miili haipokei pigo kwa namna moja.

Kisha wakaja mapacha. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile, wasiofanana ni kama ndugu wengine tu, ila wote hulelewa nyumba moja. Tafiti za miaka ya 1940 na zilizofuata zilionesha kwamba pacha mmoja akiugua TB, mwenzake wa kufanana alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua kuliko yule wa kutofanana.

Utafiti unaonigusa zaidi ulitoka Denmark mwaka 1988, kuhusu watoto waliolelewa na wazazi wasio wa damu. Mzazi wa kumzaa, hata yule ambaye mtoto hakuwahi kuishi naye, akiwa alikufa kwa ugonjwa wowote wa kuambukiza kabla ya miaka 50, mtoto huyo alikuwa na hatari kama mara tano au zaidi ya kufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Hapo hewa ya nyumba haikuwepo kabisa. Kilichobaki ni damu.

6. Kinasaba cha TB ni kipi hasa?

Hakuna kimoja. Watu wanapenda jibu la kinasaba kimoja kwa sababu wanaijua siko seli, ambayo kweli ni badiliko dogo kwenye kinasaba kimoja. TB haiko hivyo. Kwa wagonjwa wengi ni vinasaba vingi, kila kimoja kikisukuma kidogo.

Vinavyotajwa sana ni vya HLA, vilivyo kwenye kromosomu ya 6 (kromosomu ni nyuzi zilizomo ndani ya seli zinazobeba vinasaba). Mwaka 2016 utafiti mkubwa wa Iceland ulikuta matoleo fulani ya eneo hilo yakiambatana na hatari ya TB. Kabla yake, mwaka 1998, watafiti nchini Gambia waliripoti kwamba matoleo fulani ya kinasaba cha NRAMP1, kinachofanya kazi ndani ya makrofaji, yalionekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wazima. Mwaka 2010 sampuli za Ghana na Gambia zilionesha eneo jingine, kwenye kromosomu ya 18. Ukizipanga tafiti hizi zote utagundua jambo: lililoonekana nchi moja mara nyingi halionekani vilevile nchi nyingine.

Mfano mzuri ni TYK2, kinasaba kinachosaidia seli kuisikia filimbi niliyoieleza swali la 4. Kuna toleo lake ambalo mtu akilipata nakala mbili, moja kwa kila mzazi, hatari yake ya TB hupanda sana. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, inakadiriwa kwamba karibu asilimia moja ya wagonjwa wa TB wanaeleweka kwa toleo hilo pekee. Vinasaba vilivyochukuliwa kwenye mifupa ya kale ya Ulaya vinaonesha kwamba limepungua sana katika miaka 2,000 iliyopita, na watafiti wanaona ni TB yenyewe iliyowapunguza waliolibeba. Afrika toleo hilo ni adimu. Kwa hiyo orodha iliyoandikwa kwa damu ya Ulaya haitoshi kumweleza mtu wa Kigoma, na ninatamani sana tafiti nyingi zaidi zifanywe hapa, kwa watu wetu, nao wapewe matokeo.

7. Kuna watu ambao hawaambukizwi kabisa?

Inaonekana wapo. Katika tafiti za familia za wagonjwa Kampala, na za wachimbaji wa dhahabu Afrika Kusini, walipatikana watu walioishi na mdudu karibu nao kwa muda mrefu lakini vipimo vya ngozi na damu vikaendelea kutoonesha maambukizi. Urithi unadhaniwa kuwa sehemu ya siri yao. Ila hakuna anayeweza kujijua yumo humo kwa kujiangalia. Nimesikia wahudumu wenzangu wakisema "mimi nimeshazoea", na mmoja wao baadaye nilimwanzishia dawa mimi mwenyewe.

8. Mume wangu ana VVU miaka mingi na hajapata TB. Ana damu ngumu?

Huenda ana bahati ya kurithi, na swali lako lina utafiti wake. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa watu wanaoishi na VVU nchini Tanzania na Uganda. Waliokuwa na toleo fulani la eneo la kromosomu ya 5, karibu na kinasaba cha ile intaleukini 12, walikuwa na uwezekano mdogo wa kuugua TB, chini ya nusu ya wenzao. Nilifurahi kuona damu ya Watanzania ikijibu swali la namna hiyo.

Lakini usiache kuuliza kama anameza ARV zake vizuri na kama alipewa dawa za kukinga TB. Kwa mtu mmoja mmoja, hizo zina maelezo makubwa kuliko kinasaba ambacho hajapimwa.

## Ndoa, kabila na ukoo

9. Kijana wetu anataka kuoa kwenye ukoo unaosemwa "wana kifua". Tumkataze?

Msimkataze. Nimeshuhudia posa zikirudishwa kwa neno hili, na naumia kila mara, kwa sababu binti anayekataliwa mara nyingi ni mzima, na tena kwa kuwa nyumba yao iliugua, yeye amepimwa kuliko kijana anayemposa.

Tazameni hesabu. Hata kama ukoo ule una matoleo ya vinasaba yanayoongeza hatari kidogo, mtoto atapata nusu tu kutoka kwa mama, na nusu ya pili itatoka kwenu. Na hatari hiyo haiwi ugonjwa bila mdudu. Mkitaka kuwalinda wajukuu, ulizeni kama kuna mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi kwenye nyumba yoyote kati ya hizo mbili, mumlete apimwe. Kupima na kutibiwa TB kwenye vituo vya serikali ni bure.

10. Na binamu wakioana?

Baadhi ya familia, Ujiji zikiwemo, huoza binamu, na sina nia ya kugusa mila ya mtu. Kwa TB ya kawaida haileti tofauti ya kutajika. Lakini yapo magonjwa adimu ya kinga yanayohitaji nakala mbili mbovu za kinasaba kilekile, na watu wenye babu mmoja wana nafasi kubwa zaidi ya kukutanisha nakala hizo. Kama ndoa ya binamu imezaa watoto zaidi ya mmoja walioumwa vibaya baada ya BCG, yaani chanjo ya TB, au wanaopata TB iliyosambaa mwilini wakiwa wadogo, mwambieni daktari kwamba wazazi ni ndugu. Neno hilo moja linaweza kumwelekeza pa kutafuta (tazama swali la 16).

11. Ni kweli kuna makabila yanayopata TB zaidi? Na wakimbizi je?

Kiwango cha matoleo ya vinasaba hutofautiana kati ya jamii na jamii, hilo ni kweli. Lakini hakuna kabila lililosamehewa, na hakuna lililolaaniwa. Muha, Mmanyema, Mbembe, Mrundi na Mkongo wote nimewapa dawa zilezile, na zimewaponya.

Kuhusu kambi kama Nyarugusu, nasema bila kuzunguka: msongamano, njaa ya safari na matibabu yaliyokatizwa na vita ndivyo vinavyoleta TB. Mweke mtu yeyote katika hali hiyo, naye ataugua.

12. Nina kundi O, au nina vinasaba vya siko seli. Nimekingwa?

Kubeba nakala moja ya siko seli kunapunguza hatari ya malaria kali, jambo lililooneshwa hapahapa Afrika Mashariki miaka ya 1950. Kinga hiyo ni ya malaria. Kundi la damu nalo lisikupe moyo wala hofu.

## Vipimo, dawa na chanjo

13. Mashine ya GeneXpert inapima vinasaba vyangu?

Hapana, na ninaelewa kwa nini jina linachanganya. Inasoma vinasaba vya *mdudu* vilivyomo kwenye makohozi yako. Ndani ya kama saa mbili inaeleza mdudu yupo au hayupo, na kama ana badiliko linalomfanya sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Kwa hiyo ukiambiwa una TB sugu, usugu huo ni wa mdudu. Haukutoka kwa wazazi wako na hutawarithisha wanao, ingawa unaweza kuwaambukiza kwa hewa.

14. Naweza kupimwa kama nina vinasaba vya hatari?

Hakuna kipimo cha namna hiyo kinachotumika kliniki kwa mtu wa kawaida, wala sikushauri umlipe anayekutangazia. Kwa kuwa vinasaba ni vingi na kila kimoja kina nguvu ndogo (swali la 6), majibu yasingebadilisha unachotakiwa kufanya. Historia ya nyumba yako inatosha: kama kuna aliyeugua, wote mnaoishi naye mchunguzwe, na watoto chini ya miaka mitano na wanaoishi na VVU wapewe dawa za kukinga wakionekana hawana ugonjwa.

15. Mimi na dada tumepewa dawa moja ya kukinga, isoniazidi. Yeye miguu inamfa ganzi, mimi sina tatizo. Kwa nini?

Hapa vinasaba vinaonekana waziwazi kuliko popote. Ini huivunja isoniazidi kwa kutumia kimeng'enya kinachotokana na kinasaba cha NAT2. Wapo wanaoivunja haraka, wapo wanaoivunja polepole, na huku kwetu aina zote zipo nyingi. Kwa anayeivunja polepole dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na madhara huweza kumpata mapema: ganzi au kuwaka moto kwa miguu, au ini kuathirika. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Ganzi hukingwa na kutibiwa kwa vitamini B6, ambayo hutolewa pamoja na dawa. Dada asiache kumeza, aje kliniki. Macho yakiwa ya njano, akitapika mfululizo, au tumbo likiuma upande wa kulia juu, hapo asimeze dozi inayofuata na aje siku hiyohiyo. Mkojo mwekundu kama chungwa kwa anayetumia rifampisini ni rangi ya dawa tu, usimtishe mtu.

16. Mtoto alichanjwa BCG, bega likatunga usaha na kwapa likavimba. Ana kinga mbovu ya kurithi?

Kipele kinachotunga, kikapasuka, na kuacha kovu wiki kadhaa baadaye ni kawaida, kisikandwe wala kupakwa dawa za kienyeji. Uvimbe kwapani hutokea kwa baadhi ya watoto na kwa kawaida si hatari, lakini uonwe kliniki.

Kinachonitia wasiwasi ni mtoto asiyeongezeka uzito, mwenye homa zisizoisha, na tezi zinazovimba sehemu nyingi baada ya chanjo. Kwanza tunaangalia VVU. Kisha tunakumbuka kwamba mwaka 1996 watafiti walieleza familia ambamo sikio la kupokea intaferoni gama lilikuwa limeharibika kabisa kwa kurithi. Kwa watoto hao hata mdudu aliyedhoofishwa wa BCG, au wadudu wa kawaida wa mazingira, aliweza kuua. Baadaye yakapatikana mapungufu kama hayo kwenye intaleukini 12 na mahali inapopokelewa. Ni hali adimu mno. Mtoto wa namna hiyo hupewa rufaa, kwanza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, kisha mbele zaidi. BCG isikataliwe kwa sababu yake: watoto wengi inawakinga dhidi ya TB ya ubongo na ile iliyosambaa mwilini.

17. Kama kinga yangu ni dhaifu kwa kurithi, dawa zitafanya kazi? Hii ni mara yangu ya pili kuugua.

Zitafanya kazi. Dawa humuua mdudu moja kwa moja, hazingoji kinasaba kizuri. Mpango wa taifa wa kifua kikuu, ulioanza mwaka 1977 na kumhusisha daktari Karel Styblo, ulionesha kwamba Watanzania wa kila namna hupona wakimeza dawa kwa kusimamiwa, na nchi nyingine zikaiga.

Ukirudia kuugua, mimi huanza na mengine kwanza. Ulimaliza miezi sita yote, au uliacha ulipoanza kunenepa? VVU na sukari vimepimwa? Nyumbani kuna anayekohoa ambaye hakuja? Unarudi kwenye kibanda kilekile cha kambini? Huenda ni mdudu mpya kabisa uliyevuta upya. Makohozi yapimwe kwenye GeneXpert kabla ya kuanza tena, tujue kama mdudu ni sugu, na yarudiwe kwa miadi tutakayokuandikia kwenye kadi. Ukienda ziwani au kulima mbali, beba kadi hiyo pamoja na dawa zako.